Maswali ya Wasomaji: Kwenda Gujarat kuona ndugu na kuhiji Dwarka na Somnath

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wenye mpango wa kwenda kuona ndugu nje ya nchi watume maswali. Mi nilidhani ntaulizwa Dubai na Muscat tu, kumbe meseji nyingi zimetoka kwa wasomaji wetu Wahindu, na wengine waliooa au kuolewa huko, wanaotaka kwenda Gujarat, lile jimbo la magharibi ya India, kuwaona ndugu na hapohapo wahiji mahekalu ya Dwarka (la Krishna) na Somnath (la Shiva). Kwetu upande wa bibi ni watu wa Porbandar kwahiyo njia hizi nazijua, basi leo kona yote ni hiyo. Wa Dubai mtanisamehe, mtasubiri.

Shikamoo dada. Nimezaliwa Dar, mama yangu pia. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Ana kaka yake Rajkot na binamu kibao Jamnagar, na hamu yake kubwa ni Dwarka na Somnath kabla miguu haijagoma kabisa. Tuna wiki tatu mwezi wa kwanza. Ndugu wameshaanza kugombana kwenye grupu la WhatsApp tutalala kwa nani. Tuanze wapi, kwa ndugu au hekaluni? – Msomaji, Upanga

Marahaba mdogo wangu. Hekaluni kwanza. Najua wazee watanuna, watasema gani hii mtu anatoka Afrika anampita mjomba wake mlangoni, ila nakwambia ukweli, ukishaanza na ndugu hutoki. Nyumba ya kwanza mtakunywa chai na farsani, mtashikwa mle mchana, mtalazwa kidogo mpumzike, jioni majirani wanakuja kuwaangalia wageni wa Afrika, na kabla hamjaaga simu inalia shangazi wa pili ameshapika undhiyu, na mwezi wa kwanza ndo msimu wake kwahiyo hata kukataa huwezi. Hivohivo mpaka wiki mbili zimekwisha na mama bado hajaona hata bendera ya Dwarka kwa mbali.

Cha kufanya, fikieni kwa mjomba Rajkot siku mbili tu, mama amwamkie kaka yake, apumzike na safari, alafu mnaondoka kwenda kuhiji mzunguko mzima, mkirudi ndo mnakuwa mali ya ndugu. Waambieni mapema kwenye hilohilo grupu, na aseme mama mwenyewe, sio wewe. Ukisema wewe ni mtoto wa Dar aliyeharibika, akisema mama ni mtu mzima ameweka nadhiri na nadhiri haina mjadala. Mjomba akitaka kuja muachieni siti moja kwenye gari, ila bei ya gari na hoteli muwe mmeshaelewana nyinyi wenyewe, la sivyo mtalala anapotaka yeye.

Njia yenyewe inazunguka vizuri kama duara. Kodini gari na dereva hapohapo Rajkot, mnakwenda Jamnagar, mnasalimia binamu (chai moja tu!), mnaendelea Dwarka, hiyo siku ni kama kilomita 225. Kutoka Dwarka mnashuka na pwani mpaka Porbandar, alafu Somnath, mnarudi juu kupitia Junagadh na Virpur mpaka Rajkot. Usiku minne au mitano inatosha bila kumkimbiza mama. Basi zipo na treni ya Mumbai kwenda Okha inapita Rajkot, Jamnagar na Dwarka, lakini kwa magoti ya mama mi nasema gari.

Dwarka sasa. Hekalu linafungwa mchana, yaani kama saa 7 mpaka saa 11 jioni, Bwana Krishna anapumzika na pazia linashushwa, na watu wengi wanafika saa hiyohiyo wakitoka safari ndefu wanakaa juani kusubiri. Kwahiyo lala hukohuko, asubuhi muwahi aarti (ibada ya taa) ya kwanza, ni kama saa 12 na nusu. Angalizo la saa, ndugu akikuandikia "7" anamaanisha saa moja, usiende kuitafsiri ki-Dar ukafika mlango umefungwa. Na India wako mbele yetu masaa mawili na nusu, hiyo nusu ndo inachanganya watu kwenye tiketi.

Kuna milango miwili. Ule wa kusini, Swarga Dwar, unapanda ngazi 56 kutoka mto Gomti, wenye nguvu wanaoga mtoni wanapanda nazo. Mama msimpitishe huko, pitieni upande wa sokoni, mlango wa Moksha, hajapungukiwa kitu. Simu, kamera na mikoba ya ngozi haiingii, mnaacha kwenye makabati nje mnapewa tokeni, na viatu pia. Kule mtoni mtakutana na pujari, yaani kuhani, atakayewashika mkono awasomee dua na maji na maua, ni jambo zuri tu, lakini ulizeni sadaka ni kiasi gani KABLA hajaanza kusoma, maana akishamaliza na majina ya mababu wameshatajwa huwezi kubishana bei mbele ya marehemu.

Usikose kubadilishwa bendera. Hekalu lina ghorofa tano juu ya nguzo 72, na kileleni kuna bendera ya gazi 52 (kama yadi 52) yenye jua na mwezi, inabadilishwa mara kadhaa kila siku, na kila bendera inatolewa na familia fulani iliyobuku zamani. Utaiona familia yenyewe inakuja barabarani na ngoma na tarumbeta, bendera imekunjwa iko kichwani kwa mtu, kina mama wanacheza, wazee wanacheza, alafu mtu wa ukoo wa Waaboti ambao ndo kazi yao anapanda nayo mpaka juu kabisa, na ile inavyofunguka kwenye upepo wa bahari watu wote chini wanapiga kelele Jai Dwarkadhish. Familia nyingi za Nairobi na Dar zimeshatoa bendera hiyo, kama mama anataka muulizieni mapema sana.

Bet Dwarka ni kisiwa, zamani ilikuwa boti kutoka Okha watu wamejazana kama dagaa kwenye tenga, sasa kuna daraja, Sudarshan Setu, limefunguliwa Februari 2024, gari inapita kilomita mbili na kitu juu ya maji. Kwa mama hii ni neema. Nageshwar iko njia hiyohiyo, na ni moja ya zile jyotirlinga 12, yaani mahekalu makuu ya Shiva, unganisheni siku moja.

Porbandar msipite tu. Gandhi alizaliwa pale 1869 na nyumba yao bado ipo, pembeni yake kuna jengo la Kirti Mandir lenye urefu wa futi 79, futi moja kwa kila mwaka wa umri wake. Na aliyetoa hela ya lile jengo ni Nanji Kalidas Mehta, yuleyule wa sukari ya Lugazi, Uganda. Kwahiyo mkisimama pale jueni kuna jasho la mashamba yetu ya miwa ndani ya yale mawe, hilo mimi huwa nawaambia ndugu wa kule kila wakianza kusema Afrika ni mbali.

Somnath iko baharini kabisa na ni tambarare zaidi, ulizeni getini kiti cha magurudumu. Ni jyotirlinga ya kwanza katika zile 12. Ilibomolewa na kujengwa tena mara nyingi, yule sultani mvamizi Mahmud wa Ghazni ndo anakumbukwa zaidi, na hili la sasa lilianza kujengwa baada ya uhuru kwa msukumo wa Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India wakati huo, rais Rajendra Prasad akaja kuliweka wakfu tarehe 11 Mei 1951. Aarti ni saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 1 jioni, chukueni ya jioni, ngoma na kengele zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka. Nje upande wa bahari kuna nguzo yenye mshale, maandishi yake yanasema kutoka pale kwenda kusini hakuna nchi kavu mpaka ncha ya kusini ya dunia. Bodi ya hekalu ina gesti zake safi na bei nafuu, mnabuku mtandaoni.

Junagadh kuna mlima Girnar, ngazi karibu elfu 10, mama asisikie hata jina, ila tangu 2020 kuna gari la kamba linalopanda mpaka hekalu la Amba ambalo ni kama katikati. Akiwa na nguvu sawa. Virpur hapana kukosa, kwa yule mtakatifu Jalaram Bapa, hasa kama nyie ni Walohana, jamii aliyotoka yeye. Chakula bure kwa kila anayefika, na tangu mwaka 2000 hawapokei sadaka, hata shilingi. Watu wetu wa Afrika wamezoea kuingiza mkono mfukoni, pale utarudishwa kwa adabu.

Mengine haraka haraka. Viza ya mtandaoni mnaombea tovuti ya serikali ya India yenyewe, anuani inaishia na gov.in, kuna tovuti feki zinazofanana nayo zinachukua mara mbili tatu. Cheti cha homa ya manjano kwa anayetokea Kenya au Uganda ni lazima, sindano iwe imepita siku 10, bila hicho unaweza kuwekwa karantini, na wa Tanzania mkiunganisha ndege Nairobi bebeni tu. Mwenyeji wenu anatakiwa kutoa taarifa mtandaoni ndani ya saa 24 kwamba amelaza wageni wa nje, hata kama ni mjomba wa damu, wengi hawajui hilo. Na hela, kule mpaka muuza chai wa barabarani unamlipa kwa kuskani kwenye simu kama sisi na M-Pesa, lakini mfumo wao kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya kule, kwahiyo tembeeni na noti ndogondogo za rupia au binamu alipe mumrudishie. Msilete rupia kutoka huku, mgeni haruhusiwi kuingia nazo, badilisheni mkishafika.

Habari dada. Mi ni Mkristo wa Arusha, mume wangu ni Mhindu. Tunaenda kwao mwezi wa pili na mama mkwe anataka tuzunguke wote mahekalu. Naogopa kurudishwa mlangoni mbele ya ukoo mzima. Nitaruhusiwa? – Wifi wa Wagujarati

Inategemea hekalu mpenzi, na ni bora ujue kabla kuliko kujua mlangoni. Mahekalu ya Swaminarayan (dhehebu mojawapo la Kihindu) utaingia bila shida, hata kama umezoea yale ya Nairobi au Dar ni hivohivo. Somnath kuna tangazo, asiye Mhindu aombe ruhusa ofisi ya bodi ya hekalu, kwahiyo mume wako aende ofisini peke yake mapema, sio mfike wote na shangazi saba muanze kuulizana. Ila Puri kwa Jagannath, ule mji wa mashariki, asiye Mhindu haingii kabisa, hata viongozi wakubwa wamezuiliwa, msipoteze nauli kwa ajili hiyo.

Na wasije wakakuambia danganya. Wapo ndugu watasema vaa sari, weka tika, nyamaza, hakuna atakayejua. Mi sikushauri. Ukiulizwa jina pale mlangoni utajibu nini? Sema ukweli, ukizuiliwa kaa nje na watoto kula mahindi, heshima yako iko palepale na mama mkwe atakuheshimu zaidi. Ukifika nyumbani kwao inama uguse miguu ya wazee, sema Jai Shri Krishna, hapo umeshamaliza nusu ya kazi.

Dada, baba yetu alifariki Mombasa mwaka huu, tukamchoma kwa mila zetu. Majivu yake bado tunayo. Kaka anataka tuyapeleke Haridwar kwenye mto Ganga, mi naona mbali. Inawezekana kwenye ndege? – Binti, Mombasa

Poleni sana kwa msiba. Inawezekana, watu wetu wamefanya miaka yote. Mnahitaji cheti cha kifo, cheti cha kuchomwa mwili kutoka pale mlipomchomea, na waulizeni ubalozi wa India barua yao kabla hamjakata tiketi. Shirika la ndege waambieni mapema, chombo kiwe cha mbao au plastiki kwasababu cha chuma mashine ya ukaguzi haioni ndani, na beba mkononi, usitie kwenye begi la chini, begi likipotea utamwambia nini mama.

Haridwar kizuri chake ni yale madaftari. Makuhani wa pale wanatunza majina ya koo vizazi na vizazi, vitabu virefu vya kukunjwa vimefungwa na kitambaa, ukifika usiseme Mombasa, hawatakuelewa, sema kijiji cha babu na jamii yenu, atatumwa kijana akalete daftari lenu, mzee analivuta taratibu ananyoosha kidole mstari kwa mstari, na kuna watu wamekuta saini ya babu aliyekuja kutoka Unguja enzi za meli. Baba yenu ataandikwa chini yake na nyie mtaweka saini. Mimi kwa hilo tu nipo upande wa kaka yako.

Lakini sio lazima. Somnath kuna Triveni, mito mitatu inakutana karibu na bahari, wengi wanamalizia pale. Na kama hela hamna, bahari ya Hindi iko hapohapo mlangoni kwenu. Majivu ya Gandhi mwenyewe sehemu yake yalimwagwa Jinja, kwenye chanzo cha Nile, 1948. Maji ni maji, asikutishe mtu.

Swali la aibu kidogo. Nikiingia kwenye siku zangu katikati ya safari nifanyeje? – Nairobi

Hakuna aibu. Mlangoni hakuna anayekuuliza, hilo liko kati yako na imani yako na nyumba uliyofikia. Familia nyingi za kule, hasa za Swaminarayan, wanashika mila, mwanamke haingii hekaluni na wengine hata jikoni hakanyagi. Mi binafsi naona mwili sio uchafu, ila nyumba ya watu ni nyumba ya watu, sitaanza kubishana na bibi wa miaka 80 sebuleni kwake. Acha siku moja au mbili za akiba kwenye ratiba ili ukisogeza isiwe taabu. Dawa za kuchelewesha zipo, muone daktari kabla ya safari, usimeze za kuazima kwa wifi. Na kumbuka kitu kinachofanana na hicho, ukoo ukipata mtoto au msiba mkiwa hukohuko, kwenda hekaluni kunasimama kwa siku kadhaa kwa wote, wanaume nao.

Mjomba wangu yuko Leicester tangu Amin alivyowafukuza 1972. Hela ya kwenda India na Uingereza zote sina. Nikienda kwake nikafika hekalu la Neasden, London, inahesabika kama hija? – Kampala

Kuhesabika atahesabu Mungu, mi sio karani wake. Dwarka ni Dwarka, hilo halina mbadala. Ila mjomba aliyeondoka Kampala 1972 umri wake unajua mwenyewe, ningekuwa wewe ningeenda kwake, Dwarka haihami. Neasden ni pazuri kweli, lilifunguliwa 1995, mawe ya Bulgaria na marumaru ya Italia yalisafirishwa mpaka India yakachongwa kwa mkono, vipande zaidi ya elfu 26, yakarudishwa London kupangwa. Kuingia bure. Angalieni saa za darshani (kuona sanamu za miungu) kabla ya kutoka Leicester maana mapazia yanafungwa pale nako. Kwa viza mwambie mjomba akuandikie barua ya mwaliko, na wewe uonyeshe kazi yako na sababu ya kurudi.

Dada niambie zawadi gani nibebe, na je naweza kuvaa dera hekaluni? – Bi Harusi Mtarajiwa, Tanga

Dera linafunika vizuri ila kwenye ngazi na msukumano watu watakukanyaga, tafuta panjabi na mtandio, bei poa ukinunua kulekule. Kaptula na mikono wazi achia ufukweni.

Zawadi, majani ya chai ya Kenya, korosho zilizokaangwa na karafuu za Unguja au Pemba, hizo zinapokelewa kwa mikono miwili, na mzee yeyote aliyewahi kuishi Afrika mpelekee kanga uone. Dagaa, nyama kavu, hata mchuzi wa kuku wa pakiti usithubutu, nyumba nyingi hawali nyama wala mayai. Pombe nayo usibebe, Gujarat imepigwa marufuku tangu 1960. Hela ya watoto weka kwenye bahasha na iishie na moja, 101 au 501, ukiweka 500 kavu watakuona mgeni kweli.